KUMBE ALIKUWA MIONO! Mdada wa magari makali na giaboksi ya baba yake

Mnamjua. Jina kapuni, lakini ukisema tu "yule wa kukaa juu ya boneti" kila mtu mjini anajua anazungumziwa nani. Leo Range Rover nyeupe pale Masaki, kesho Mercedes ya kijivu pale Coco Beach, keshokutwa Crown iliyoshushwa mpaka inalamba lami, na yeye kaegemea mlango, miwani usoni, funguo inaning'inia kidoleni. Magari yenyewe ya kukodi kwa saa, na hilo nalo watu wanalijua, ila mjini hapa nani anamuuliza mwenzake kadi ya gari?

Basi mwaka jana akapotea ghafla. Wiki ya kwanza watu wakasema yuko Dubai. Wiki ya pili wakasema ana mimba. Wiki ya tatu kuna mmoja aliapa kwamba kamuona Zanzibar na kigogo. Kumbe muda wote huo bidada alikuwa Miono, kalala chali juu ya gunia chini ya gari, oili nzito ya gia inamtiririkia kwenye rasta alizosukia hela ndefu.

Kwa wasiopajua: ukitoka Chalinze kama unaenda Segera, ukivuka daraja la Wami unafika Mandera. Hapo unaacha barabara kuu, unakunja kulia, unaifuata njia ya kwenda Saadani. Miono iko kwenye njia hiyo. Watu wanalima ufuta, wana mikorosho yao, na mara kwa mara yanapita magari ya watalii yanakimbilia mbugani kuona tembo na bahari kwa pamoja. Baadhi hayafiki. Ndiyo maana hapo kuna mzee mmoja aliyeishi miaka yote kwa spana. Gereji bubu, hakuna kibao wala banda. Kuna mwembe, kuna mnyororo wa kunyanyulia injini uliofungwa kwenye tawi nene, na kuna ardhi nyeusi kwa oili iliyomwagika tangu enzi hizo.

Mzee huyo ndiye baba yake. Hakuna mfuasi wake hata mmoja aliyekuwa anajua.

Alirudi nyumbani kwa sababu mama alipiga simu: baba kaanguka, kiharusi, upande wa kulia umelala. Alipofika alimkuta kakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe wake, fimbo mkono wa kushoto, mdomo umevutika kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akamwangalia vidole. "Umekuja na hayo makucha?"

Makucha yalikuwa ya bandia, marefu, ya waridi. Tuendelee.

Nyuma ya nyumba, chini ya turubai lililochanika, kulikuwa na gari. Siyo gari la kawaida. Datsun 240Z ya mwaka 1973, milango miwili, pua ndefu kama ya papa, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Vijana wengi leo hawalijui, wao wanajua Crown na Subaru. Lakini muulize mzee yeyote wa ukanda huu aliyekuwa kijana zamani zile. Edgar Herrmann alishinda nalo East African Safari mwaka 1971, na mwaka 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, baada ya kumaliza pointi sawasawa na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Miaka ile mbio zilikuwa za Afrika Mashariki kweli, siyo za Kenya peke yake kama zilivyokuja kuwa. Watoto walikuwa wanapanda miti kando ya barabara kusubiri vumbi.

Hili la nyuma ya nyumba lililetwa mwaka 2012. Mwenyewe, mzee mmoja wa Tanga mwenye pesa zake na mapenzi ya magari ya zamani, alikuwa anaelekea Saadani kupumzika, gia zikaanza kulia, likamfia karibu na Miono. Akaambiwa kuna fundi. Fundi akalipanda, akalisikiliza, akasema beringi imekufa na gia ya pili inataka kufuatiliwa. Mwenye gari akatoa laki sita za kununulia spea, akaondoka na basi.

Miaka kumi na miwili. Kila alipopiga simu jibu lilikuwa moja: "Nilishafungua bosi, nikakuta beringi zimekufa, nimeirudishia isije ikapotea kitu. Nasubiri spea tu." Mwanzo mzee wa Tanga aligomba, baadaye akachoka, na alikuwa na magari mengine. Sasa akapata mnunuzi Nairobi, kule ambako tangu 2003 kuna mbio za magari ya zamani tu, Safari Classic, na 240Z huko ni mali. Mnunuzi anataka gari linalotembea. Mzee wa Tanga akapiga simu ya mwisho: Jumamosi ya wiki inayofuata nakuja na Fuso. Nikikuta giaboksi imetengenezwa, nakulipa ufundi wako na zaidi. Nikikuta haijatengenezwa, tutakutana kwa mwenyekiti wa kijiji, na tusipoelewana tutaenda mbele.

Kaka mtu ndiye aliyefundishwa ufundi. Kaka anaendesha malori huko Tunduma na jibu lake kwenye simu lilikuwa fupi: "Mwambieni achukue chuma chake, mimi sina muda." Binti hakuwahi kufundishwa. Alipokuwa mdogo akisogelea mwembe alikuwa anafukuzwa, spana siyo wanja, nenda kamsaidie mama yako. Kwa hiyo alijifunza kwa kuchungulia, kutoka jikoni, kupitia tundu la ukuta. Labda hata yale mapicha ya mjini yalianzia kwenye lile tundu, maana mtoto aliyekatazwa kugusa magari akakua akawa mtu wa kuyagusa kwa nje tu.

Siku ya pili asubuhi aliyakata makucha kwa mkasi wa mama, akavaa ovaroli la baba, akakunja miguu mara tatu.

"Nielekeze," akamwambia.

Mzee alikataa. Siku nzima alikataa. Jioni mama alileta uji, akasema bila kumtazama mtu, "Mwenye mkono mzima ni nani hapa?" Basi.

Kwa kuwa ulimi wa mzee ulikuwa mzito, walikubaliana kwa fimbo. Ikigonga kiti mara moja, simama. Mara mbili, endelea. Ikigonga mfululizo, umeharibu.

Kwanza wakamwaga oili. Ilitoka nyeusi, na ndani yake kulikuwa na unga wa chuma unaong'aa kama ule wanaojipaka wadada usoni usiku wa sherehe. Mzee akaomba aletewe kwenye kifuniko cha sufuria, akachovya kidole, akasugua, akatikisa kichwa. Kisha mkono wa gia ukafunguliwa kutoka ndani ya gari. Kisha propela chini, waya wa spidomita, stata, silinda ndogo ya klachi. Injini ikawekewa gogo na jeki kwa chini isije ikainama, maana ukiishatoa giaboksi injini inabaki haina kilichoishikilia nyuma.

Kutoa giaboksi yenyewe ndiko kulikoleta maneno. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja kusaidia kunyanyua, akataka kuivuta kwa nguvu mpya. Fimbo ikalia mfululizo. Shafti ya mbele inapita katikati ya pleti ya klachi, ukiiacha giaboksi ining'inie kwa shafti hiyo unapinda pleti na unaanza kazi nyingine. Inatoka imenyooka, taratibu, kwa ubao juu ya jeki, kama unachomoa sindano kwenye mshipa wa mtoto. Saa nzima ilikwenda hapo. Ilipotua kwenye gunia bidada alilala pembeni yake akacheka peke yake kama kichaa.

Asubuhi iliyofuata wakaiweka juu ya meza ya mbao, ikafutwa kwa dizeli, na mzee akawa anasimulia alivyolisikia gari siku ile ya 2012. Lilikuwa linavuma gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano. Ukiweka ya nne linanyamaza kimya. Binti akauliza kwa nini ya nne. Hapo mzee aliongea kuliko siku zote tangu augue. Kwenye giaboksi ya hivi kuna shafti ya juu na shafti ya chini. Gia nyingine zote, nguvu inashuka kwenye shafti ya chini ndipo inapanda tena kwenda nyuma. Ya nne peke yake nguvu inapita moja kwa moja juu, injini mpaka propela, ya chini inazunguka tu haina mzigo. Kwa hiyo gari likivuma kote likanyamaza kwenye ya nne, mgonjwa ni beringi ya shafti ya chini. Huhitaji kufungua kujua.

Huhitaji kufungua kujua. Maneno hayo yalimkaa binti kichwani wakati anaishika spana.

Fundi akifungua kitu anaacha alama, hasa fundi wa kijijini. Kona za bolti zinalika, silikoni inajitokeza pembeni kama dawa ya meno. Kwenye ile giaboksi hakukuwa na kona iliyolika. Mshono wake ulikuwa msafi, mstari mmoja usiokatika, wa kiwandani. Alizunguka meza nzima akiangalia kwa tochi ya simu. Kisha akaiweka spana chini.

"Baba. Hii haijawahi kufunguliwa."

Fimbo haikugonga.

"Miaka yote hiyo ulikuwa unamwambia yule mzee umefungua. Ulikuwa hata hujaigusa. Laki sita zake ziko wapi?"

Ukimya wa Miono saa nne asubuhi unausikia. Kuku, kinu cha jirani, pikipiki kwa mbali. Mzee aliangalia kule kwenye mikorosho. Aliyejibu ni mama, kutoka jikoni, kupitia tundu lile lile:

"Ulidhani ada ilikuwa inaota shambani?"

Mwaka 2012 binti alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, mbali. Elimu bila malipo ilikuja 2016, yeye alimaliza 2014. Alirudishwa nyumbani mara moja tu kwa ada, akakaa siku nne, akarudi shule, akasahau. Hakuwahi kuuliza ilipatikanaje. Watoto hawaulizi.

Ingekuwa sinema hapo wangekumbatiana. Haikuwa hivyo. Bidada alikasirika, tena sana, na siyo kwa sababu ya wizi peke yake. Alikasirika kwamba amebebeshwa deni asilolijua, kwamba mtu aliyemfukuza kwenye mwembe kumbe alikuwa anamlipia ada kwa mwembe huo huo, na hasira za namna hiyo hazina pa kuziweka. Akaokota spana akaanza kufungua bila kusubiri fimbo.

Mfuniko wa mbele ukatoka. Nyuma yake kuna kishimu chembamba kama karatasi, fimbo ikagonga, akakiokoa, akakibandika ukutani kwa grisi. Klipu ya beringi ya mbele ikatoka kwa plaizi. Mkia ukatoka. Kisha boksi la mbele likagongwa kwa kipande cha mbao, kidogo huku kidogo huku, likaachia. Kikabaki kibamba cha katikati kimeshika shafti zote mbili na magia yake, juu na chini, kama mishkaki miwili kwenye sinia.

Na beringi ya shafti ya chini ilikuwa imekufa. Unaishika kwa vidole viwili inacheza kama jino la babu. Ringi ya sinkro ya gia ya pili nayo ilikuwa imelika, haina tena kazi. Kila alichomwambia yule mzee wa Tanga kwenye simu, miaka kumi na miwili, kilikuwa kweli tupu. Alidanganya kwamba ameona. Alikuwa amesikia tu.

Bidada alishika ile beringi muda mrefu. Hakusema kitu, lakini tangu hapo akaanza tena kusubiri fimbo.

Isipokuwa mara moja. Mzee alimuonya: zile fito zinazosogeza gia zinashikiliwa na gololi ndogo zenye springi nyuma yake, ukifungua vizibo weka kiganja. Akaweka kiganja kwa mbili. Ya tatu simu ililia, akageuza uso, paa! Gololi ikaruka. Siku mbili ilitafutwa. Kuku mmoja mweupe alikuwa mtuhumiwa namba moja na kulikuwa na mpango mzito juu yake. Ikaja kupatikana kwa sumaku ya spika ya redio mbovu, kwenye mchanga karibu na kinu, kuku akafutiwa kesi.

Beringi zina namba zake, na namba ni namba popote duniani. Alikwenda Dar kwa siku moja, Gerezani, akazunguka maduka akiwa na ile ya zamani kwenye mfuko wa rambo, akapata inayolingana. Ringi ya sinkro ndiyo ilikuwa mtihani. Hakuna aliyekuwa nayo. Lakini 240Z ina wapenzi wengi Marekani na Japani na spea zake bado zinauzwa, basi akaagiza kwa mtandao. Hela aliipata kwa kuuza simu, ile ile yenye kamera tatu iliyompa jina mjini. Akabaki na kitochi. Ndiyo maana alipotea, wala hakuna kigogo.

Spea ikasema itafika baada ya wiki nne. Jumamosi ilikuwa imebaki siku mbili.

Mzee wa Tanga alifika saa tano, mwembamba, kanzu nyeupe, Fuso nyuma yake. Alikuta kanga mbili zimetandikwa barazani na juu yake giaboksi nzima kipande kipande, imepangwa kwa mstari jinsi ilivyotoka.

"Shikamoo mzee," akasema binti, na kabla hajajibiwa akaendelea haraka, "tumeifungua tena, ringi ndiyo..."

Fimbo ikagonga. Mara moja.

"Sikufungua," mzee akasema. Kila neno lilikuwa linapanda mlima. "Uongo. Siku ile... hela yako... nililipa ada."

Mzee wa Tanga alikaa kimya. "Ada ya nani?"

Fimbo ikanyanyuka ikamwelekea binti, aliyekuwa na grisi mpaka kwenye nyusi.

Mgeni alichuchumaa kwenye kanga. Akashika gia moja, akaigeuza. "Hii ya pili ilikuwa na nini?" Binti akamweleza: sinkro, jinsi inavyopaswa kuzilinganisha kasi kabla meno hayajaingia, na kwa nini gari lilikuwa linalia likirudishwa kutoka ya tatu. Akamweleza na habari ya gia ya nne. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akajipangusa kanzu.

"Miaka kumi na miwili, fundi," akasema. "Ningekukopesha hiyo ada ungeniambia." Kisha, kwa binti: "Wiki sita. Na gharama ya hili Fuso leo ni yenu."

Hakunywa maji aliyoletewa. Gharama ya Fuso ililipwa kwa gunia la ufuta la mama.

Ringi ilifika wiki ya tano. Kufunga kulichukua siku nne, na kila kitu kilirudi kwa mpangilio wa kanga, pamoja na kishimu cha ukutani na gololi ya kuku. Siku ya kuwasha, betri ya kuazima, karbureta zimeoshwa mara tatu, tanki limesuguliwa, lilikohoa moshi mweusi likanyamaza, likakohoa tena, likakubali. Yule wa bodaboda alipiga ukunga kama mwanamke wa harusini.

Mwenyewe alikuja na dereva. Alihesabu hela ya ufundi, akatoa laki sita, akampa binti iliyobaki, haikuwa nyingi. Hakusema asante wala hakusema kwaheri ya maana. Akaaga kwa kichwa, akapanda upande wa abiria.

Akaunti ya bidada mpaka leo picha ya mwisho ni ile ya Range Rover ya Masaki, na watu bado wanauliza chini yake yuko wapi. Gari pekee alilowahi kuliingia mpaka ndani hana picha nalo. Kitochi hakina kamera.

Lilipotoka uani alikimbilia barabarani kuangalia. Mzee alibaki kwenye kiti chake, macho kafumba, kichwa kainamisha upande wa sikio zima. Gari likashika njia ya Mandera, vumbi likapanda.

"Pili," mzee akasema.

Sauti ikabadilika.

"Tatu."

Kwenye ule mteremko wa mbele dereva alirudisha kutoka ya tatu, na binti akajikuta ameshika mlingoti wa fensi kwa mikono miwili. Hakukuwa na kilio. Injini ilipanda sauti tu, safi, ikapita.

"Pili," akasema mzee. Kisha, baada ya muda, wakati kila mtu mwingine pale alikuwa haisikii tena: "Nne."